Flashi Nne kwa Kichupa Kimoja

Hivi wewe umewahi kuchungulia ndani ya kamera ukaona bilauri imening'inia kichwa chini kama popo, na meza iko juu yake kama dari? Kama hujawahi, basi hata yule mpelelezi hakuwahi, mpaka asubuhi ile alipopanda ngazi za studio ya Mzee Kitambaa.

Mpelelezi mwenyewe alikuwa mwanamke wa makamo, mfupi, mwenye viatu vya soli laini. Kituoni wenzake walimwita Taratibu, na wala hawakuwa wakimsifu. Wao walitaka majalada yafungwe haraka. Yeye, akifika mahali, alitaka kwanza kujua mlango unafungukia ndani au nje.

Jambo lililomleta lilikuwa hili. Bibi mmoja tajiri alikuwa amefariki na kuacha vichupa vya manukato, vya zamani, vya kioo kizito kilichochongwa kwa mkono. Mwanawe wa pekee alitaka kuviuza mnadani, na watu wa mnada walitaka kitabu cha picha. Kazi ya kuvipiga picha akapewa Mzee Kitambaa. Kila asubuhi mpwa wa marehemu, mwanamke aliyeishi na shangazi yake na kumuuguza mpaka siku ya mwisho, alivileta vichupa studio ndani ya sanduku la mbao, na kila jioni alivirudisha nyumbani. Siku kazi ilipokwisha, mwana huyo, ambaye sasa ndiye mwenye mali, alilifungua sanduku na kukuta nafasi ya kichupa cha buluu iko tupu. Kilikuwa cha thamani kuliko vyote. Akasema mpiga picha amekiiba, akawa anakwenda kituoni kila siku, mpaka akapewa ahadi kwamba kesho asubuhi askari watakwenda na hati ya upekuzi. Taratibu alikuwa na siku ile moja tu ya kuuliza maswali.

"Karibu, Afande," alisema Mzee Kitambaa. "Kaa utakapo, ila usiguse stendi."

Alikuwa mzee mwembamba, shati limefungwa vifungo mpaka shingoni. Studio ilikuwa chumba kimoja kirefu chenye sakafu ya mbao, madirisha yamepakwa rangi nyeusi. Ukutani kulikuwa na msumari mmoja, na kwenye msumari kikombe kimoja. Kando ya meza ya picha kulikuwa na kiti cha mbao, cha zamani kama vitu vyote vya mle ndani, isipokuwa mto wake wa kukalia, ambao ulikuwa mpya kabisa.

"Mto umenunua lini?" aliuliza Taratibu.

"Kiti kilikuwa kigumu," alijibu mzee.

Katikati ya chumba ilisimama kamera. Fremu mbili zilikuwa wima juu ya reli, na kati yake mfuko mweusi wa mikunjo mikunjo kama kinanda cha kodiani. Mbele lenzi, nyuma kioo chenye ukungu kama dirisha la bafu. Pembeni mwa kioo, kwenye reli ndogo ya kuteleza, kulikuwa na kisanduku cheusi cha kutosha kiganjani, na waya wake ulikwenda mpaka kwenye kompyuta.

"Na hiki?"

"Huo ndio mgongo wa dijitali. Zamani hapo nyuma nilikuwa naweka filamu, sasa naweka huo. Kamera imenizidi umri, mgongo ni wa juzijuzi." Mzee alikipangusa kisanduku kwa ncha ya kidole ingawa hakikuwa na vumbi. "Ni kama kumvika babu viatu vya mjukuu. Lakini babu anatembea."

"Naomba upige picha niione kazi yako mwanzo mpaka mwisho."

"Picha ya nini?"

"Chochote."

Mzee akachukua bilauri ya maji, akaifuta, akaisimamisha mezani. Vichupa, alieleza, hubandikwa kwa nta kidogo chini ili visiteleze, lakini bilauri ina kitako kipana, itasimama yenyewe. Akawasha taa ndogo, akajifunika kitambaa cheusi kichwani, akakaa humo kimya, kisha akatoa mkono mmoja na kumwita mpelelezi kama anavyoitwa mtoto.

Taratibu akaingia. Giza lilinuka sabuni ya kufulia. Juu ya kioo chenye ukungu ilionekana bilauri, imepinduka, na ilipita dakika nzima kabla hajaamini kwamba ni ileile iliyoko mezani. Alinyoosha mkono wake wa kulia mbele ya lenzi, akauona unaingia kutokea upande usiotarajiwa.

"Utazoea," alisema mzee kutoka nje ya kitambaa. "Mimi nimezoea mpaka nikitoka barabarani naona watu ndio wamekosea kusimama."

Baada ya hapo mzee aliendelea taratibu zaidi ya Taratibu mwenyewe. Aliweka lenzi ndogo ya kukuzia juu ya kioo, akatazama ukingo wa bilauri, akazungusha kifundo upana wa unywele, akatazama tena. Akalibana tundu la lenzi. Akaifunga lenzi.

"Hapa ndipo wengi huharibu," alisema. "Ukisahau kufunga, mgongo unakula mwanga wote, picha inatoka nyeupe kama shuka." Ndipo akasukuma reli. Kioo kikaenda pembeni, na kisanduku kikakaa mahali pake kwa mlio mdogo, tk. "Sasa, Afande, tusitikisike."

Flashi ikapiga. Kimya. Ikapiga tena. Mara nne.

"Mbona nne?"

"Mgongo huu hauchukui picha moja. Kila flashi, kioo chake cha ndani kinasogea kidogo, kiasi ambacho mimi na wewe hatuwezi kukiona, ili kila nukta ipate rangi zake zote. Kisha kompyuta inaziunganisha nne kuwa moja. Ndiyo maana watu wa mnada wanaitaka kazi hii. Lakini kitu kikitikisika katikati, hata kamera kutetemeka tu, picha zinakataa kukutana. Kingo zinaota meno."

Kwenye kompyuta bilauri ilikuwa safi. Mzee alikuza ukingo wake mpaka ukajaa kioo kizima, na mstari ulikuwa umenyooka kama umekatwa kwa wembe.

"Nionyeshe kichupa cha buluu."

Mzee akafungua. Picha ya kwanza ilikuwa na meno. Ukingo wa kichupa ulikuwa kama msumeno, jino jekundu, jino la kijani, jekundu, la kijani. Picha ya pili vilevile. Ya tatu vilevile. Ziliendelea hivyo mpaka ya mwisho kabisa, ambayo ndiyo pekee iliyokuwa safi.

"Umerudia mara nyingi."

Mzee aliitazama mikono yake. Alikuwa ameiweka mezani kama vitu vya mtu mwingine alivyoachiwa avitunze.

"Ni mikono, Afande. Imechoka. Nakaza vifundo lakini havikazi. Tangu nianze kazi hii sijawahi kuharibu hivyo." Akafunga picha. "Nimeshaitangaza kamera. Kuna mtu anakuja kuiona mwisho wa wiki. Hata mkinikamata, nilikuwa naondoka tayari."

"Wakati flashi zinapiga, mikono yako iko wapi?"

"Kwenye kompyuta. Nabonyeza hapa."

"Kamera huishiki?"

"Hapana."

"Na leo vifundo umekaza kwa mikono ipi?"

Mzee akakijaribu kifundo kimoja, kikakaza.

"Sijui, Afande. Labda ni yule wa chini," alisema. "Seremala. Ana mashine ya randa. Nimegonga sakafu kwa ufagio mara ngapi, hasikii."

Taratibu akashuka. Seremala alikuwa mtu mnene aliyekaa juu ya rundo la mbao, kikombe cha chai mkononi.

"Mashine yako ya randa iko wapi?"

"Ile pale, imelala kama maiti. Mota imeungua."

"Lini?"

"Kabla yule mama wa sanduku hajaanza kupanda ngazi hizi. Mzee wa juu ananigongea na ufagio, zima, zima. Nizime nini, mama? Chai?"

Taratibu akapitisha kidole juu ya visu vya mashine. Vumbi lilikuwa nene, na buibui alikuwa amejenga toka kwenye mkanda mpaka kwenye swichi. Akamshukuru seremala, akapanda tena.

"Piga bilauri tena," alimwambia mzee. "Piga, usinijali mimi nikizunguka."

Alisimama kwanza mlangoni, na katikati ya flashi alishusha kisigino sakafuni. Picha ikatoka safi. Alisimama dirishani, akafanya vilevile. Safi. Alisimama karibu na rafu ya vifaa, akakanyaga kwa nguvu zaidi. Safi. Mzee alianza kumwangalia kama mtu anayeangalia mgeni akipima mapazia yake. Mwishoni Taratibu akaketi kwenye kile kiti chenye mto mpya, akaweka mikono magotini, na flashi ya pili ilipopita aliinua ncha ya kiatu na kuishusha. Mara moja tu, polepole, kama mtu anayesikiliza wimbo kichwani.

Kwenye kompyuta bilauri ilikuwa imeota meno pande zote.

Taratibu akapiga magoti. Ubao mmoja mrefu, mpana kuliko mingine, ulianzia chini ya kiti na kwenda moja kwa moja mpaka chini ya mguu wa stendi.

"Sakafu," alisema mzee. "Kumbe ni sakafu."

"Sakafu haijikanyagi, mzee wangu. Nani hukaa kiti hiki?"

"Hapana," alisema mzee. "Si yule. Yule dada hatikisiki. Nikisema tusitikisike, hata kope hazipigi. Kuna jioni nilimsahau, nikazima taa nikafunga mlango, naye yuko ndani. Nimefika chini ndipo nikakumbuka. Nimerudi nimemkuta amekaa vilevile, hata hakuniita."

"Mlikuwa mnaongea nini?"

"Hatuongei. Ataongea nani, flashi ikisubiri? Asubuhi habari, jioni kwaheri." Akazungusha kifundo kimoja cha kamera bila sababu. "Ila ukirudi peke yako chumbani ndiyo unajua kwamba kile kilikuwa kimya cha watu wawili."

Taratibu aliomba kuona picha zote tangu siku ya kwanza, moja baada ya moja, na mzee akamfungulia, kwani hakuwa na tabia ya kufuta. Picha za vichupa vyekundu zilikuwa safi. Za vyeupe safi. Meno yalianza kwenye vile vya kijani, kichupa cha kwanza kabisa cha asubuhi, na kuanzia hapo kila kichupa kilirudiwa, na kila siku iliyofuata kilirudiwa zaidi ya siku iliyopita.

"Kabla ya vya kijani kulitokea nini?"

"Hakuna kitu." Mzee akafikiri. "Jioni yake nilimwambia tukienda hivi, wiki ijayo tunamaliza. Nilidhani atafurahi. Ngazi zile, sanduku lile."

"Na kichupa cha buluu, nani alikitoa mezani?"

"Yeye. Vioo sigusi mimi, yeye ndiye anavaa glavu. Nilikuwa nimegeukia kompyuta nakagua ukingo. Nilipogeuka alikuwa anafunga kamba ya sanduku."

"Ulimwona akikitia ndani?"

"Nilimwona anafunga kamba," alirudia mzee, na uso wake ukabadilika.

Nyumba ya marehemu ilikuwa inahamwa. Kuta zilikuwa na miraba myeupe mahali zilipokuwa picha, na sauti ya viatu ilirudi kutoka kila chumba. Mwenye mali alikuwa akitembea huku na huku na simu sikioni. Sebuleni, chini, mpwa wa marehemu alikuwa akifunga sahani kwenye magazeti. Alikuwa mwanamke mrefu, mkimya, mwenye nywele zilizoanza kuota mvi na nguo iliyopigwa pasi kana kwamba kuna mahali anakwenda.

"Afande, usijisumbue kumhoji dada," alisema mwenye mali akiishusha simu. "Mwizi tunamjua."

"Kwa nini asiwe yeye?"

Mwenye mali akacheka, kisha akaacha.

"Kusema kweli mama alimwahidi kile cha buluu. Lakini mama alimwahidi kila mtu kitu. Mimi aliniahidi kwamba atapona."

Taratibu akamgeukia mpwa. "Ni kweli uliahidiwa?"

"Ni kweli."

"Ulikitaka?"

"Nimekifuta vumbi tangu sijaota mvi, Afande. Kitu cha kufuta vumbi unakitaka cha nini?"

Alilisema bila kuinua macho, na mikono yake iliendelea, sahani, gazeti, sahani, gazeti. Taratibu alikuwa ameshawahi kuwauliza watu wengi swali hilo. Aliyekitaka kitu hukataa kwa haraka au hukataa kwa hasira. Huyu alikataa kama mtu aliyeulizwa kama anataka sukari zaidi.

"Kesho asubuhi," alisema mwenye mali, "wanapekua kile chumba mpaka chini ya mbao. Kama kimo kitaonekana, na mzee wa watu atalala ndani."

Sahani ikabaki hewani. Haikuanguka, ilibaki tu, gazeti limeifunika nusu, na mikono ya mpwa ikasahau inachofanya.

Taratibu akamwomba mwenye mali maji ya kunywa. Alipokwenda jikoni, Taratibu akalisogelea sanduku la vichupa lililokuwa juu ya kabati, akafanya jambo ndani yake akiwa amewapa mgongo, akalifunga na kumpa mpwa alishike.

Mpwa alilipokea kwa mikono miwili. Hapohapo akasema, "Umetoa kimoja."

Taratibu akafungua kiganja. Ndani kulikuwa na kichupa cheupe, kidogo kama kidole gumba.

"Na kile cha buluu kina uzito gani ukilinganisha na hiki?"

Mpwa akaliweka sanduku chini.

"Siku ile ulishuka nalo ngazi zote zile," alisema Taratibu, "ukatembea nalo mpaka hapa. Nimetoa hiki ukajua kabla hujavuta pumzi. Kile hukujua?"

Jikoni maji yalikuwa yakitiririka.

"Na ubao ulio chini ya kiti chako, nao niuulize?"

Mpwa alikaa juu ya boksi la sahani. Alikaa kama alivyozoea kukaa, mgongo umenyooka, mikono magotini.

"Amekasirika?" aliuliza.

"Nani?"

"Fundi."

"Hajui hata akasirike kwa lipi. Anadhani ni mikono yake imekwisha. Ameitangaza kamera aiuze."

Hilo mpwa hakuwa akilijua. Alilichukua gazeti akalikunja, akalikunja tena, mpaka likawa dogo halikunjiki.

"Mikono yake," alisema. "Amesema mikono yake?"

"Amesema imechoka."

Mwenye mali alirudi na maji. Taratibu akanywa yote, taratibu, akamrudishia bilauri na kumwambia kwamba anatoka kidogo na dada yake. Mwenye mali akauliza wanakwenda wapi. Mpwa ndiye aliyejibu, tayari akiwa anatafuta viatu. "Kumalizia kazi."

Walipofika kwenye kona ya karakana ya seremala, mpwa alisimama.

"Nikikuonyesha kilipo mtasema amekificha yeye. Ndiyo maana nilinyamaza. Kila siku nilitaka kusema, na kila siku nikaona kwamba nikisema ndiyo namfunga."

"Kesho wakikikuta wao, ndivyo watakavyosema. Leo nikikikuta mimi, wewe ukiwa umenionyesha kwa mkono wako, nitaandika nilichokiona."

"Na mimi?"

"Wewe utatoa maelezo kituoni. Mali ya binamu yako itakuwa imerudi, haijavunjika, haijauzwa. Akitaka kushitaki ni haki yake, sikudanganyi. Lakini kwenye maelezo patakuwa na mahali pa kuandika ulitaka nini. Ulitaka nini?"

Mpwa alizitazama ngazi.

"Hilo siwezi kukwambia wewe, Afande," alisema. "Si kwa ubaya."

Mzee Kitambaa aliwafungulia mlango na kusimama katikati yake, hajui ajitoe au abaki. Jua la alasiri lilikuwa limepenya kwenye mkwaruzo wa rangi nyeusi dirishani na kuchora mstari mwembamba sakafuni. Kamera ilikuwa imefunikwa kitambaa chake. Kikombe kilikuwa kimelowa, kimetundikwa msumarini.

"Habari, dada."

"Nzuri, Fundi."

Mpwa akavaa glavu zake, akaenda kwenye rafu ya vifaa, akashusha kopo la zamani la biskuti. Ndimo alimoweka mzee nta ya kubandikia vichupa, na vipande vya mbao, na waya. Alilifungua mbele ya Taratibu. Juu ya nta, ndani ya pamba safi, kilikuwamo kichupa cha buluu, na kizibo chake cha fedha kimewekwa kando kisikwaruze.

Taratibu alikipiga picha kwa simu kikiwa mle mle koponi, kisha mikononi mwa mpwa, kisha akaandika saa na maneno machache na kumwomba kila mmoja atie saini. Mzee alitia saini bila kusoma. Macho yake yalikuwa kwenye kopo.

"Lakini hilo nalifungua kila asubuhi," alisema. "Ndicho kitu cha kwanza ninachofungua."

"Ndiyo," alisema mpwa.

"Kila asubuhi. Ningekiona kesho yake tu."

"Ndiyo, Fundi. Nilidhani utakiona, utanipigia simu."

Mzee akakaa. Hakuwa na kiti kingine zaidi ya kile chenye mto, akakaa hicho.

"Sikulifungua," alisema. "Hapakuwa na kazi. Nilifunika kamera nikaenda kulala."

Taratibu alikuwa amekitia kichupa ndani ya mfuko wa ushahidi na kusogea mlangoni. Hakutoka. Mtu wa kazi yake hamwachi mwenye maelezo kabla maelezo hayajaisha, na haya bado yalikuwa na pengo mahali fulani.

"Mikono yako haina kitu," alisema mpwa. Alikuwa amesimama mbele ya mzee, glavu bado mikononi. "Usiuze kamera. Ulikuwa mguu wangu. Nilikuwa nakanyaga katikati ya flashi, kidogo tu. Nilikuwa naona unakaza vifundo, unakaza tena, unajilaumu, na nikakanyaga tena. Hilo ndilo baya zaidi, si kichupa."

Mzee aliigeuza mikono yake juu chini, akaitazama. Kisha akamtazama yeye, na Taratibu aliona kwamba hakuwa na hasira. Alikuwa anamtazama kama alivyotazama ukingo wa bilauri kwenye kioo, akingoja utulie uonekane vizuri.

"Kwa nini, dada? Kichupa ulikuwa umeahidiwa, ungekidai. Pesa hukutaka. Mimi sikukukosea, au nilikukosea?"

"Hukunikosea."

"Sasa ulikuwa unataka nini?"

Chini, seremala alikuwa akipiga msumari, na kila pigo lilipanda kupitia ubao. Mpwa alisubiri mpaka seremala akamaliza. Akavua glavu moja, akaivua ya pili, akazilaza pamoja juu ya meza ya picha, pale vinapowekwa vichupa.

"Nilikuwa nataka tusimalize," alisema.